EQ2 na darubini ya mm 130 hapa Dar: mota inazunguka lakini Mshtarii inatoka kwenye lenzi

kijana_kimara

Wakuu, habari za usiku. Nina darubini ya kioo, kipenyo mm 130, fokasi mm 650, imekaa kwenye stendi ya EQ2 (stendi ya ikweta, yenye mhimili unaolazwa sambamba na ule wa dunia). Ina mota moja ya betri ya volti 9 kwenye mhimili wa RA (ule unaofuata mwendo wa anga). Lenzi za jicho ni mm 25 na mm 10.

Kitabu cha maelekezo kinasema weka latitudo ya mahali ulipo, kisha elekeza mhimili kaskazini kwenye Polaris (nyota ya ncha ya kaskazini). Latitudo ya Dar ni 6.8, nikaona niweke 7, lakini kipimo kimegoma kwenye 15, hakishuki zaidi. Nikaacha hapo, nikaelekeza kaskazini kwa dira ya simu, swichi ya mota nikaiweka kwenye N (kaskazini).

Matokeo:

1. Kwa lenzi ya mm 10, Mshtarii ikiwa upande wa mashariki inatoka nje baada ya dakika 5 hivi hata mota ikiwa imewashwa. Ikiwa karibu kabisa na utosi inakaa dakika 20 na zaidi. Sielewi kwa nini.
2. Fimbo ya uzito inagonga mguu mmoja wa stendi.
3. Mshtarii naiona kama mpira mweupe unaong'aa, miezi yake 4 ipo, lakini mistari hakuna.

Mota ni mbovu au mimi ndiye nakosea? Na je, ni kweli EQ haifai huku kwetu?

---

Timazi

Mota ni nzima mkuu, na jibu umeshalitoa mwenyewe hapo kwenye namba 1. Kitu kinachokimbia kikiwa mashariki lakini kinatulia kikiwa utosini maana yake mhimili umekosea kimo, yaani juu na chini. Ungekosea kushoto na kulia mambo yangekuwa kinyume: utosini ndiko nyota ingekimbia zaidi.

Hicho kitabu kimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Dar iko kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya anga (nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka) inayoonekana kwako ni ya kusini, digrii 6.8 juu ya upeo. Polaris huioni kabisa, iko chini ya upeo wa kaskazini. Ulipoinua mhimili digrii 15 kuelekea kaskazini, mwisho wake wa pili ulielekea kusini ukiwa digrii 15 *chini* ya upeo, wakati ulitakiwa uwe 7 *juu*. 15 na 7 ni 22. Hilo ndilo kosa lako, digrii 22.

Piga hesabu uone inavyolingana. Anga inazunguka digrii 15 kwa saa, sawa na dakika 15 za tao kwa kila dakika ya saa (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii). Mhimili ukikosea digrii 22, sehemu ya mwendo huo isiyofuatwa na mota inafika dakika 5 za tao kwa dakika. Lenzi yako ya mm 10 inakuza mara 65 na inaonyesha eneo la dakika kama 46 za tao, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni 23. Gawanya 23 kwa 5: dakika 5 kasoro.

Fanya hivi:

Geuza stendi nzima nyuzi 180, ule upande uliokuwa unatazama kaskazini utazame kusini. Swichi ya mota iweke S. Ukiiacha kwenye N itazunguka kinyume na picha itatoka haraka kuliko hata ukizima mota. Halafu shusha mhimili hadi 7.

Usiamini namba zilizochongwa pembeni ya EQ2, kile kishale kinaweza kudanganya digrii kadhaa. Simamisha miguu kwa pima maji, kisha weka simu yenye programu ya kupima mwinamo juu ya mwili wa mhimili wa RA (si juu ya bomba la darubini) na usome 7 hapo.

Kwa kutazama kwa macho tu usihangaike na usahihi. Ukibakiwa na kosa la digrii 2, Mshtarii itachukua dakika 40 na zaidi kutoka katikati hadi ukingoni kwa lenzi hiyohiyo. Wanaohitaji usahihi mkubwa ni wapiga picha.

---

Timazi

Nimesahau dira. Dira ya simu ukiisogeza karibu na miguu ya chuma inapotea, na juu ya paa la zege lenye nondo inapotea zaidi. Pima ukiwa mita 2 mbali na stendi, au achana nayo utumie kivuli cha timazi.

Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, Dar iko 39.3. Tofauti hiyo ni dakika 23, kwa hiyo kwa wastani jua linapita kwenye mstari wa kaskazini–kusini saa 6 na dakika 23 mchana. Mwanzoni mwa Novemba linawahi, kama saa 6 na dakika 7. Katikati ya Februari linachelewa hadi saa 6 na dakika 37. Ning'iniza timazi, na dakika hiyo ikifika chora mstari juu ya kivuli cha uzi. Huo ndio kaskazini–kusini halisi, hauna habari ya sumaku. Ukiuchora kwa rangi sakafuni umemaliza kazi, kila usiku unapanga stendi juu yake.

Mtego wake: jua linapita utosini Dar karibu na tarehe 10 Oktoba na tena tarehe 2 au 3 Machi. Siku za karibu na hapo kivuli ni kifupi mno, hakikusaidii. Kati ya tarehe hizo mbili, yaani msimu wa kaskazi, kivuli cha mchana kinaangukia *kaskazini*. Miezi mingine kinaangukia kusini. Watu wengi wanachanganya hapo na kupanga stendi kinyume. Juni ndiyo nzuri zaidi, fimbo ya mita 1 inatoa kivuli cha sm 58.

Na wakati wa kazi hiyo darubini iwe imefunikwa, pamoja na ile darubini ndogo ya kutafutia. Jua kupitia kioo cha mm 130 bila kichujio cha mbele linaharibu jicho papo hapo.

---

fundi_plaiwudi

Nijibu hilo la fimbo kugonga na la kipimo kugoma, maana hapo Timazi amepita haraka.

Kwenye EQ mhimili ukilala karibu na usawa wa ardhi, kichwa kinachobeba bomba na uzito kinatoka nje upande wa kusini badala ya kukaa juu ya katikati ya miguu. Fimbo ya uzito ikining'inia chini inapita palepale penye mguu wa kusini. Dawa yake ni kuzungusha miguu mitatu, si kichwa: mguu mmoja uelekee kaskazini, miwili iwe kusini-mashariki na kusini-magharibi, fimbo ipite katikati ya ile miwili. Pandisha uzito karibu na juu kadiri mizani itakavyoruhusu. Ikibidi, tumia uzito mbili fupi badala ya mmoja ulio mwishoni mwa fimbo.

Kipimo kugoma kwenye 15: kwanza hakikisha ni chuma kwa chuma. Fungua boliti ndefu ya kurekebishia latitudo hadi itoke kabisa, ukiwa umeshika kichwa kwa mkono na bomba limeondolewa. Mhimili ukishuka zaidi, basi boliti ndiyo iliyokuwa inazuia. Peleka boliti yenyewe dukani ukalinganishe meno, usikisie saizi, kisha chukua fupi zaidi. Angalizo: bila boliti ya chini, kinachoshikilia kichwa ni ile boliti ya kubana pembeni peke yake, na taratibu itateleza. Weka kabari ya mbao ngumu chini ya mhimili, mninga au mkongo. Mbao laini itabonyea.

Kama ni chuma kwa chuma, acha kuchonga stendi. Inamisha miguu. Unazo 15, unataka 7, zimebaki 8. Pima kutoka mguu wa kaskazini hadi kwenye mstari unaounganisha ile miwili ya kusini. Miguu ikiwa imeachana sm 80, umbali huo ni sm 69. Zidisha kwa 0.14 (tanjenti ya digrii 8), unapata sm 9.7. Kwa hiyo inua mguu wa kaskazini sm 10, kwa kuurefusha au kwa kipande cha mbao. Hapo pima maji itakuambia stendi imelala vibaya, ipuuze. Unachosoma ni mwinamo wa mhimili tu.

Ila sasa uzito wote umeegemea kusini. Miguu uiache mifupi na uipanue hadi mwisho, na ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 5 kwenye mguu wa kaskazini. Kabla ya kuachia mikono, zungusha bomba pande zote taratibu uone kama mguu wowote unanyanyuka.

Kitu kingine ambacho huku kwetu kinasumbua kuliko Ulaya ni mizani. Mhimili ukilala, uzito usiolingana unausukuma kwa nguvu karibu yote. Kosa lilelile la mizani linalovumilika kwenye latitudo ya 51 hapa linavuta mara 1.6. Ile mota ndogo inakwama, au inaruka meno, na mtu anadhani imekufa. Legeza kufuli la RA, laza fimbo ya uzito sambamba na ardhi, sogeza uzito hadi ikae bila kushikwa. Kisha Dec (mhimili wa pili) vivyo hivyo kwa kusogeza bomba ndani ya pete zake. Fanya ukiwa na lenzi ya jicho imeshawekwa, maana gramu zake zinahesabika.

Sasa maoni yangu binafsi: kwa darubini ya kutazama tu, stendi hii hapa ikweta ni mateso. Bomba hilo liweke kwenye boksi la Dobson (stendi ya mbao inayosukumwa kwa mkono juu-chini na kushoto-kulia). Plaiwudi ya mm 18 karatasi nusu inatosha. Usitumie MDF, unyevu wa pwani unaivimbisha. Sahani mbili za duara za sm 40, kati yake vipande 3 vya plastiki ngumu vilivyopangwa kwa nyuzi 120, kila kimoja juu ya mguu wake (ubao wa plastiki wa kukatia nyama ukiukata unafaa), na chini ya sahani ya juu gundisha fomaika. Kwa pembeni, vifuniko viwili vya bomba la maji taka la inchi 4 vifungwe kwenye pete za bomba pale linapopata mizani, vikae kwenye mbavu mbili zilizochongwa nusu duara. Urefu wa mbavu: pima kutoka katikati ya kifuniko hadi mwisho wa nyuma wa bomba, ongeza sm 3, ili likisimama wima lisiguse sakafu.

---

Nairobi_usiku

@fundi_plaiwudi nakubaliana na boksi, lakini umemficha mwenzetu ubaya wake. Dobson inasumbua utosini: kitu kikiwa hapo juu kabisa, kuzungusha kushoto na kulia hakusaidii, unabaki kulizungusha boksi nusu duara kufuata kitu kilichosogea kidogo tu. Na huku ikweta sayari ndiko zinakopita. London Mshtarii haifiki utosini hata siku moja, kwetu ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ukitumia Dobson tazama sayari ikiwa bado mashariki au ikishaanza kushuka magharibi. Ikikaribia utosi subiri saa moja, itakuwa imesogea digrii 15.

Faida yake nayo ni ya ikweta: kitu kinachochomoza karibu na mashariki halisi kinapanda moja kwa moja, hakikati kona. Unasukuma bomba juu tu, upande wa kushoto na kulia hauguswi. Mtu wa Ulaya hana hiyo.

Kwa walio Nairobi na EQ: tuko 1.3 kusini. Ukilaza mhimili sawa kabisa na ardhi, kosa ni digrii 1.3 iwe umeelekeza kaskazini au kusini, na kwa macho hilo si kitu. Chagua upande ambao kamba au ukuta haukuzuii, halafu swichi ifuate: mhimili ukitazama kaskazini ni N, ukitazama kusini ni S. Kwa kivuli cha timazi, wastani wetu ni saa 6 na dakika 33, Mombasa dakika 21. Wa Bujumbura mna bahati, kwenu ni dakika 3 tu baada ya saa 6.

---

kijana_kimara

Shukrani sana wakuu. Nimezungusha miguu, fimbo haigongi tena. Boliti nimeitoa na mhimili umeshuka hadi 11, hapo ni chuma kwa chuma. Kwa hiyo nimebakiwa na 4 za kuinamisha, sivyo? Na kama baadaye nitataka kupachika kamera, hiyo kusini halisi naihakikishaje usiku, maana nyota ya ncha ya kusini siioni?

---

Timazi

Sivyo? Ndivyo. 69 mara 0.07 (tanjenti ya digrii 4), inua mguu wa kaskazini sm 5 hivi.

Nyota ya ncha ya kusini ni Sigma Octantis, mng'ao 5.4. Ikiwa digrii 7 juu ya upeo, ndani ya ukungu wa bahari na taa za mji, isahau. Tumia Msalaba wa Kusini kwa makadirio: nyota zake mbili za mti mrefu, Gacrux juu na Acrux chini, zinapita mstari wa kusini karibu kwa pamoja. Ning'iniza timazi mbele ya macho. Zikisimama zote mbili kwenye uzi, chini ya uzi ni kusini. Katikati ya Mei hiyo ni kama saa 3 na dakika 20 usiku.

Kwa kamera unahitaji njia ya kuangalia nyota inavyopotoka. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga. Bora ni Mintaka, ile ya pembeni kwenye mshipi wa Jabari iliyo kaskazini zaidi. Katikati ya Januari inafika juu kabisa kama saa 4 na dakika 20 usiku. Weka lenzi ya mm 10 na Barlow ya mara 2 (lenzi ya kati inayoongeza ukuzaji), mota ikiwa inazunguka. Kwanza ujue kaskazini ya lenzi iko wapi: sukuma mdomo wa bomba kidogo kuelekea kusini, upande nyota ilikokimbilia ndio kaskazini. Sasa:

Nyota ikiwa juu, kwenye mstari wa kaskazini–kusini, iache dakika 5. Ikipotoka kuelekea kaskazini, mhimili umeelekea mashariki mno, urudishe magharibi. Ikipotoka kusini, urudishe mashariki.

Kisha nyota nyingine iliyo mashariki, digrii 20 hivi juu ya upeo. Ikipotoka kaskazini, mhimili uko chini mno. Ikipotoka kusini, uko juu mno.

Ukisoma vitabu vya wazungu wa kaskazini utakuta kinyume cha haya. Hawajakosea, ni kwa ajili ya ncha yao. Kupotoka mashariki au magharibi usikujali, hiyo ni kasi ya mota, irekebishe kwa kile kitufe cha kuzungusha. Betri ya volti 9 ikianza kuchoka kasi inashuka, kwa hiyo kabla ya kulaumu mpangilio badilisha betri.

---

Nairobi_usiku

Swali la 3 limesahaulika. Mpira mweupe usio na mistari una sababu tatu za kawaida, zianze kwa mpangilio huu.

Mwanga umezidi. Usiku wa giza mboni imepanuka na Mshtarii inakuumiza jicho. Itazame jua linapozama tu, anga ikiwa bado ya bluu, kwa lenzi ya mm 10. Mistari miwili ya kahawia inatakiwa ionekane kwa kukuza mara 65.

Joto. Usitazame juu ya mabati wala ukiwa kwenye paa la zege lililopigwa na jua mchana kutwa. Na kama darubini inakaa chumba chenye AC, ukiitoa nje vioo vinapata mvuke mara moja, usivifute. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa dakika 45 ipate joto la nje, ndipo ufungue.

Vioo havijalingana. Kwa fokasi ya f/5 hili ni la lazima. Weka nyota angavu katikati kwa kukuza mara 130, vuruga fokasi yake kidogo. Utaona duara zenye kivuli cheusi cha kioo kidogo katikati. Kivuli kikiwa kimeegemea upande mmoja, kaza au legeza skrubu moja ya kioo kikuu robo mzunguko, rudisha nyota katikati, tazama tena. Kila ukigusa skrubu nyota itahama, hivyo usihukumu kabla hujairudisha katikati.

---

fundi_plaiwudi

Nyongeza kwa wa pwani. Ukimaliza saa 8 usiku bomba limelowa umande, usilifunike hivyohivyo. Kuvu hiyo. Lilaze mdomo ukiinamia chini, wazi, mbele ya feni hadi likauke, kisha funika na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ndani. Zile punje zikibadilika rangi zikaange kwenye sufuria kavu moto mdogo hadi zirudi.

Kioo kikishika chumvi, kitoe, kimwagie maji yaliyokenekwa na tone la sabuni ya vyombo, pamba iteleze kwa uzito wake tu bila kukandamiza, suuza, kisimamishe kikauke. Maji hayo ukienda sheli usiombe "maji ya betri" ukaishia hapo, maana kuna muuzaji atakupa asidi. Soma chupa.